Safari ya kuangalia madaraja ya chuma: maji, kutu na chuma kinachotembea

Jumatatu, Pittsburgh, Marekani

Tumefika Frick Park asubuhi, baridi kali, theluji imebaki pembeni pembeni, tukashuka moja kwa moja kwenye njia ya miguu inayopita bondeni maana mi daraja napenda nilianzie chini, ukipita juu unaona lami na taa basi, mambo yote yako tumboni. Niko na dada mmoja tuliyefanya naye kazi muda mrefu, yeye ni mkaguzi wa madaraja, mimi ni wa matengenezo, rangi na beringi (vile vyuma vinavyobeba boriti juu ya nguzo na kuiacha itembee) na usafi, kwahiyo kila tukisimama mahali yeye anatafuta nyufa mimi natafuta maji yanapita wapi.

Hapa ndo lilipokuwa daraja la Fern Hollow. Tarehe 28 Januari 2022 kabla hakujapambazuka vizuri likashuka lote bondeni, urefu wa mita kama 136, juu yake kuna basi la abiria na magari madogo. Hakuna aliyekufa. Ukisimama hapa chini ukainua macho ndo unaelewa uzito wa hilo neno, hakuna aliyekufa, maana ni juu kweli. Na siku hiyohiyo Rais Biden alikuwa na ratiba ya kuja Pittsburgh kuongelea miundombinu, akaishia kuletwa hapa kuangalia daraja lililolala.

Sasa lile daraja lilikuwa la kile chuma kisichopakwa rangi, wengi wanakijua kama Cor-Ten, kinaota kutu ya kahawia iliyokolea alafu ile kutu yenyewe inashikamana vizuri na kukilinda chuma cha ndani. Ni chuma kizuri, mi sina ugomvi nacho hata kidogo, ila kina sharti moja ambalo halina mjadala: kilowe kikauke, kilowe kikauke. Kikikaa na unyevu muda wote, hasa unyevu wenye chumvi ile wanayomwaga barabarani kuyeyusha barafu, ile kutu ya kulinda haijijengi, inatoka kwa matabaka, unaibandua kwa vidole, na chini yake kuna tabaka jingine linasubiri.

Na hapa ndo ilivyokuwa. Matundu ya kutolea maji juu ya daraja yaliziba, maji ya chumvi yakawa yanashuka kwenye miguu ya chuma, na kwenye vitako vya miguu majani na udongo vikajaa vikakaa na unyevu mwaka mzima. Bodi ya usalama wa usafiri ya Marekani, NTSB, ilipomaliza uchunguzi mwaka 2024 ikasema kilichoanza kukatika ni bamba moja kwenye mguu wa kusini magharibi, bamba lililokuwa limeliwa na kutu mpaka halina nguvu tena. Na kwamba mapendekezo ya matengenezo yalikuwa yameandikwa kwenye ripoti za ukaguzi, mwaka hadi mwaka, hayakufanyiwa kazi. Daraja lilikuwa limepewa alama ya "hali mbaya" tangu 2011.

Kitu kingine kwenye ile ripoti ambacho watu hawakiongelei sana ni lami. Kwenye mahesabu ya uwezo wa daraja walihesabu lami nyembamba, kumbe iliyokuwepo juu ni karibu mara mbili ya hiyo, na mguu ulioliwa wakauhesabu kama bado una nguvu kuliko uhalisia. Mahesabu yangekuwa sahihi daraja lingefungwa. Hapo dada alinyamaza muda, alafu akasema, "Kaka, unaona sasa kwanini napima lami kila mara, watu wananiona nasumbua."

Daraja jipya lilifunguliwa Desemba mwaka huohuo 2022, boriti zake ni za zege. Tumekaa chini yake muda mrefu tu tukifuatilia mabomba ya maji yanashukia wapi.

Jumanne, bado Pittsburgh

Leo tumeenda Birmingham Bridge, lile linalovuka mto Monongahela. Watu wa mbali hawalijui sana hili kwasababu halikuanguka, ila kwangu mimi ndo somo kubwa kuliko la jana. Tarehe 8 Februari 2008 spani moja (kipande cha daraja kati ya nguzo na nguzo) ya upande mmoja ilitoka kwenye beringi zake ikashuka kama sentimita 20 ikakalia kichwa cha nguzo. Hakuna aliyeumia, barabara ikafungwa, wakainyanyua kwa jeki.

Kilichotokea ni hivi. Beringi zake zilikuwa za kizamani, kipande kirefu cha chuma kimesimama wima, chini kimechongwa mviringo, boriti ikirefuka kwa joto kile kipande kinainama upande huu, ikisinyaa kwa baridi kinarudi kinainama upande ule. Ni wazo zuri sana na limebeba madaraja mengi duniani kwa miaka mingi. Ila angalia kinavyofanya kazi, kinategemea ule mviringo ubiringike bure juu ya bamba la chini. Sasa jointi ya juu, ule mwanya unaoachwa kati ya kipande na kipande ili daraja litembee, inavuja, maji ya chumvi na mchanga vinashukia palepale, kutu inajenga ngazi mbele ya ule mviringo, mchanga unaingia nyuma, kwahiyo kinainama lakini hakirudi chote, kesho kinainama tena kidogo zaidi, na hakirudi. Kila msimu kinaiba milimita. Mpaka siku kimeinama kupita kiasi, kinalala, spani inashuka.

Ndo maana mkaguzi mzuri haandiki tu "beringi imeinama". Anaandika imeinama nyuzi ngapi, upande gani, na JOTO LA CHUMA lilikuwa ngapi wakati anaangalia. Bila joto ile namba haina maana yoyote. Siku ya baridi kali beringi inatakiwa iwe imeinamia upande wa kusinyaa, ukiikuta imeinamia upande wa kutanuka wakati umevaa makoti mawili, hapo simamisha kila kitu upige simu. Hii nimemwambia kila kijana niliyewahi kufanya naye kazi na nitaendelea kusema mpaka nistaafu.

Jumatano, njiani kuelekea kusini

Tumeondoka alfajiri, tunafuata mto Ohio. Njiani tukapata daraja dogo la barabara ya kijijini, boriti za chuma zilizopakwa rangi ya kijani, lina njia ya miguu, halina gari, nikasema hapa hapa tusimame. Nina rula ya chuma na kile kipima joto cha mwanga cha kulenga. Asubuhi chuma kilikuwa nyuzi 4 chini ya sifuri, upana wa mwanya wa jointi milimita 58. Tukaenda zetu kijiji cha pili kuangalia daraja jingine, tukarudi mchana jua limetoka, boriti ya upande wa jua inasoma nyuzi 9, mwanya milimita 49. Chuma kimetembea milimita 9 kati ya asubuhi na mchana, hakuna aliyekisukuma.

Hesabu yake ni rahisi na kila anayegusa daraja angeijua angeheshimu jointi. Chuma kinarefuka kama milimita 12 kwa kila kilomita moja kwa kila nyuzi moja ya selsiasi. Daraja letu la leo lina kama mita 60 kutoka beringi iliyofungwa mpaka kwenye ile jointi, nyuzi 13 zimepanda, ukizidisha unapata milimita 9 na ushee kidogo. Rula imesema ukweli. Sasa chukua mwaka mzima, kwenye sehemu za baridi wenzetu wa Marekani wanasanifu madaraja ya chuma kwa nyuzi kuanzia kama 35 chini ya sifuri mpaka 50 juu, hizo ni nyuzi 85, kwa mita 100 za chuma ni sentimita 10. Sentimita kumi! Na watu wanataka wamwage lami juu ya jointi ili gari isiruke.

Alafu kumbuka 50 ile ni joto la chuma, sio la hewa. Chuma kwenye jua kinapata joto kuliko hewa, na ubaya zaidi hakipati sawasawa, boriti ya nje inapigwa na jua ya ndani iko kivulini, zege la juu linachelewa kupata joto na linachelewa kupoa, kwahiyo daraja linarefuka hapo hapo linajipinda pia, upande wa jua unataka kwenda mbali kuliko wenzake. Ukiwa chini mchana wa jua unasikia mlio wa kugonga, tak, tak, hapo kuna beringi inashikwa na kutu alafu inaachia kwa kishindo. Beringi nzima haipigi kelele.

Kwenye hili dogo nilipiga picha nyingi sana ya mwisho wa boriti, naeleza moja tu. Jointi ilikuwa na mpira, mpira umechanika upande wa mfereji wa barabara, kama kiganja hivi. Chini yake, moja kwa moja, mwisho wa boriti: rangi imevimba malengelenge, mengine yamepasuka, ukigonga kwa nyundo ndogo linatoka bamba la kutu nene kama kidole, na nyuma ya hilo chuma kimebaki na mashimo mashimo. Ukisogea mita mbili tu kuingia ndani ya spani, rangi ni nzima, ya kijani inang'aa, utadhani daraja jingine. Boriti yote nzima ina afya isipokuwa palepale inapoegemea, na palepale ndo nguvu ya kukata (ile inayotaka kuikata boriti kama mkasi) iko kubwa kuliko kote. Nimeliona hili kwenye madaraja mengi mno, mpira uliochanika kidogo unaua mwisho wa boriti.

Ndo hiyo hoja yangu niliyokuja nayo safari hii na kila siku inazidi kujithibitisha. Watu wanaziweka kutu na joto kwenye vitabu viwili tofauti, mhandisi wa miundo anashughulika na kutanuka, fundi rangi anashughulika na kutu, hawaongei. Wakati ni ugonjwa mmoja. Daraja lazima lipewe nafasi ya kutembea, ile nafasi ndo mlango wa maji, maji yanaleta kutu, kutu inaziba ile nafasi, daraja linashindwa kutembea, linajivunja lenyewe.

Jioni tulipita St. Marys. Hapo kulikuwa na daraja pacha la Silver Bridge, lile tunalolifuata kesho, pacha kabisa kwa muundo, baada ya mwenzake kuanguka wakalifunga na mwaka 1971 wakalibomoa maana hakuna njia ya kulikagua kwa uhakika.

Alhamisi, Point Pleasant

Silver Bridge. Tarehe 15 Desemba 1967, jioni watu wanatoka kazini na kwenye manunuzi ya Krismasi, foleni imejaa darajani, likaanguka lote kwa muda wa kama dakika moja. Watu 46 walikufa, wawili miili yao haikupatikana. Pale lilipoanzia daraja upande wa mji kuna kumbukumbu, matofali yameandikwa majina ya waliokufa. Tumeyasoma yote, hatukuongea.

Daraja lile lilifunguliwa 1928, lilining'inizwa kwa minyororo badala ya kebo, kila kiungo cha mnyororo ni vipande viwili tu vya chuma virefu vyenye jicho kila mwisho, vimeunganishwa na pini. Viwili tu. Kimoja kikikatika, cha pili kinabaki kimevutwa upande mmoja, kinachomoka kwenye pini, na hakuna kingine. Kilichokatika kilikatika kwenye jicho, kulikuwa na ufa wenye kina cha kama milimita mbili na nusu, umekua miaka na miaka kwa kutu na mvuto kusaidiana, ndani ya jicho sehemu ambayo kwa macho usingeweza kuiona bila kufungua pini, na kufungua pini ni kubomoa daraja.

Hapa nataka niwe makini maana watu wanachanganya. Hii sio kutu ya kula chuma mpaka kinabaki chembamba kama ya Fern Hollow. Hii ni kutu inayoshirikiana na mvuto kufungua ufa, kwa nje unaweza kuona chuma kinene kizima. Chuma chenye nguvu nyingi kilichopikwa kwa moto na kupozwa haraka kinaathirika zaidi na hili. Na siku ile ilikuwa baridi, karibu na kuganda, chuma cha namna ile kikiwa baridi kinakuwa kigumu cha kuvunjika ghafla, hakinyumbuki, kwahiyo ufa mdogo hausubiri.

Ila hata hapa angalia ufa ulipoanzia, kwenye pini na jicho, sehemu iliyotengenezwa ili izunguke. Palepale kwenye mwanya mdogo maji yanaingia na hayatoki. Mi nilipomwambia dada hivyo akasema usilazimishe kila kitu kiingie kwenye hoja yako, hapa tatizo kubwa ni kutokuwa na akiba, vipande viwili tu. Yuko sahihi kwa hilo. Ila mwanya ni mwanya.

Kilichotoka kwenye msiba huu ni kikubwa. Kabla yake Marekani haikuwa na utaratibu mmoja wa nchi nzima wa kukagua madaraja. Sheria ikapitishwa 1968, kanuni zikaanza kazi 1971, na tangu hapo madaraja ya barabara kuu kwa kawaida lazima yakaguliwe angalau kila miezi 24. Dada ajira yake nzima imetokana na hayo matofali. Alisema hivyo mwenyewe tukiwa tunarudi kwenye gari.

Ijumaa, New River Gorge

Hii ndo siku niliyoisubiri. Daraja limefunguliwa 1977, tao moja la chuma lenye spani ya mita 518, urefu wote mita 924, mto uko chini mita 267. Na ni chuma kilekile kisichopakwa rangi, familia moja na cha Fern Hollow. Kimoja kimelala bondeni, kingine kimesimama hapa kahawia, kizuri, kavu.

Kuna njia ya wakaguzi iliyo chini ya barabara, upana wake kama sentimita 60, siku hizi wanapitisha wageni kwa kuwafunga mkanda, tukajiandikisha. Wenzetu kwenye kundi walikuwa wanaangalia bonde, sisi tulikuwa tunaangalia vyuma. Nilipitisha kiganja kwenye nguzo moja: kavu, ngumu, chenga chenga ndogo kama za msasa, mkono ukatoka na vumbi jembamba la kahawia basi, hakuna tabaka linalobanduka. Hiyo ndo ile kutu ya kulinda ikiwa na afya. Upepo wa bonde unapita kote, hakuna mahali pa udongo kukaa kwenye zile sehemu tulizopita, jua linafika. Mi ningeleta kila mwanafunzi hapa nimwambie gusa hii, alafu nimuoneshe picha za miguu ya Fern Hollow.

Tukiwa chini unasikia lori likivuka jointi juu, mlio mmoja mzito kisha unapungua unaenda nalo. Fikiria mita 924 zingekuwa kipande kimoja kisicho na mahali pa kutembea, kwa zile nyuzi 85 ni zaidi ya sentimita 90 zinazotafuta pa kwenda. Ndo maana inagawanywa. Na tao lenyewe likipata joto haliendi pembeni, miguu yake imeshikwa na miamba, linapanda juu katikati, likipoa linashuka, kila siku, na barabara iliyokaa juu yake inapanda nalo.

Madaraja ya chuma hiki hata yakiwa na afya, sehemu nyingi zinaagiza miisho ya boriti karibu na jointi ipakwe rangi. Hapo hata wasanifu wenyewe wamekubali kwamba jointi siku moja itavuja. Mi nakubaliana nao asilimia mia, paka rangi mapema wakati chuma bado kizima, ukisubiri kutu ianze unahitaji kupiga mchanga wa presha mpaka kwenye chuma cheupe, na kama kuna rangi ya zamani yenye madini ya risasi lazima uzungushie hema zima ili vumbi lisiende mtoni, kazi inakuwa nyingine kabisa.

Jumamosi, barabarani

Mvua kutwa, tunaelekea Connecticut, hakuna cha kuandika sana. Tumehesabu jointi kwa masikio tu. Ile ya mpira iliyokaa vizuri unasikia mguso mmoja mwepesi, ile ya meno ya chuma inanguruma kidogo, ikigonga kama nyundo ujue kuna bamba limelegea.

Dada alikuwa anaendesha mimi nikapiga hesabu kwenye simu, boriti yenye mkato wa sentimita za mraba 500, ipate nyuzi 40 za joto huku imebanwa pande zote haiwezi kurefuka hata kidogo. Inasukuma kwa nguvu ya karibu tani 490. Boriti moja. Kiuhalisia nguzo zinanyumbuka kidogo na udongo unakubali kidogo kwahiyo haifiki hapo, ila inaelekea huko, na ndo maana ukikuta beringi imeganda kwa kutu kaangalie ukuta wa mwisho wa daraja, utakuta zege limepasuka, au bolti za kushikilia beringi zimepinda, au nguzo imeinama kwa juu. Chuma hakishindwi kurefuka, kinatafuta tu nani wa kumvunja.

Jumapili, Greenwich, mto Mianus

Tumemaliza na hapa makusudi. Barabara kuu ya I-95, usiku wa tarehe 28 Juni 1983, saa saba na nusu usiku, kipande cha kama mita 30 cha upande unaoelekea kaskazini kikaanguka mtoni, malori mawili na magari madogo mawili yakaingia. Watatu wakafa, watatu wakaumia vibaya. Ni bahati ya saa ile tu, mchana barabara hii haina nafasi ya gari moja kuingia.

Huwezi kusimama juu, ni mwendo kasi na foleni isiyoisha, tumeshuka upande wa Cos Cob tukaangalia kutokea chini kando ya maji. Kile kipande kilikuwa kimening'inizwa. Boriti za pande zote mbili zinatokeza kidogo kupita nguzo, alafu spani ya katikati inashikwa kwenye pembe zake nne kwa mabamba ya kuning'iniza, bamba la ndani na la nje, kwa pini juu na pini chini. Kazi yake ni nini? Kutembea. Daraja likirefuka yale mabamba yanabembea kidogo, likisinyaa yanarudi. Muundo ulitumika sana miaka ile, unarahisisha mahesabu, unaruhusu joto.

Miaka kama kumi kabla ya ajali barabara iliwekwa lami mpya, na lami ikafunika matundu ya kutolea maji. Basi. Maji ya barabara yote, na chumvi, yakakosa pa kwenda yakatafuta jointi, yakashukia kwenye pini. Kutu ikaanza kujaa kati ya bamba na kile kitu cha kubana pembeni, na kutu inachukua nafasi mara kadhaa ya ile ya chuma kilichokuwepo, na inasukuma kama mzizi wa mti unavyoinua sakafu, polepole, bila kuchoka. Pembe ya kusini mashariki bamba la ndani likasukumwa kuelekea ncha ya pini mpaka likachomoka. Mzigo wote ukahamia bamba la nje, ncha ya pini ikaanza kupata ufa, magari yakaendelea kupita, mpaka siku ile. Daraja pia lilikuwa limekata mto kwa mshazari mkali, hiyo nayo inaleta nguvu za pembeni.

Watu waliokaa karibu walikuwa wamesikia milio ya ajabu. Na jimbo lilikuwa na wakaguzi 12 tu wanaofanya kazi wawili wawili kwa madaraja zaidi ya 3,400. Hapo dada alikasirika kweli, si kwa wale wakaguzi, kwa hesabu yenyewe. Akasema ukimpa mtu madaraja mengi hivyo umemwambia asiangalie. Mimi kilichoniuma ni ile lami. Aliyeweka lami alifanya kazi yake, barabara ilikuwa nyororo, hakuna aliyemwambia lile tundu alilofunika ndo linalolinda pini mita moja chini ya viatu vyake.

Baada ya Mianus ndo zile sehemu ambazo zikikatika daraja linaanguka zikaanza kupewa utaratibu wake maalumu, kanuni zilizotoka 1988 zinataka sehemu hizo zijulikane kwa majina kwenye kila daraja na zikaguliwe kwa ukaribu wa mkono, yaani uwe umbali wa kugusa, sio darubini kutoka ukingoni. Madaraja mengi yenye pini za namna hii yakaongezewa vishikizo vya akiba chini yake, au yakaunganishwa yakawa boriti ndefu moja.

Njiani kwenda uwanja wa ndege tukaanza ubishi ambao haujaisha mpaka naandika hapa. Dada anasema suluhisho ni kuondoa jointi kabisa, boriti izikwe kwenye zege la ukuta wa mwisho, daraja zima litembee na ukuta wake, ukuta usukume udongo, nguzo za chini ziwe nyembamba za kunyumbuka. Hakuna jointi hakuna maji hakuna kutu mwisho wa boriti. Na kwa madaraja mafupi na ya kati namkubalia, yanajengwa mengi na yanadumu. Ila mi nasema udongo nyuma ya ukuta unasukumwa kiangazi unaachiwa majira ya baridi, kila mwaka unajibana zaidi, alafu pale barabara inapoingia darajani kunatitia, na lile bamba la zege la kuingilia linapasuka, kwahiyo kutembea hakujaisha kumehamia mwisho wa lile bamba, na pale napo patahitaji jointi. Akaniambia, "Sawa kaka, ila pale ikivuja inamwagikia udongo, haimwagikii boriti." Hapo kanishika.

Kwa madaraja marefu hatuna pa kukimbilia, jointi zitakuwepo. Tumekubaliana kitu kimoja cha kufanya wote wawili tukirudi kazini: yeye kwenye fomu yake ya ukaguzi ataweka mstari wa joto la chuma na upana wa mwanya juu kabisa kabla ya kitu kingine chochote, na mimi kabla ya kila kazi ya lami natembea na mkandarasi kwa mguu, tundu moja moja la maji, tunaliwekea alama ya rangi, na kazi haipokelewi mpaka nimwage ndoo ya maji kwenye kila moja niyaone yanatokea chini.